Denis Burkitt: Daktari Aliyeuliza Ugonjwa Unaishia Wapi



Ndugu msomaji, wengi wetu tuliosoma sekondari, iwe Nyamitanga, mjini Mbarara au kambini Nakivale, tulifundishwa njia ya kisayansi kama orodha ya kukariri: angalia, uliza, kisia, jaribu, hitimisha. Tuliiandika kwenye mtihani, tukapata alama, tukaisahau. Leo sisi ndio tunaowafundisha wadogo zetu wakati wa likizo, na tunawapa orodha ile ile. Mtoto akituuliza njia hiyo imemsaidia nani, tunataja majina ya Ulaya yaliyo mbali naye, au tunanyamaza.

Safari hii tunaeleza maisha ya mtu aliyeitumia njia hiyo hapa hapa Uganda, akiwa na ramani, pini, picha chache na gari kuukuu. Jina lake ni Denis Burkitt. Alikuwa Mkristo na hakuficha dini yake. Hilo lisitushangaze katika gazeti letu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Misri yapata miaka elfu moja iliyopita, alisoma elimu ya Ptolemy ambaye hakuwa Mwislamu, akaipima, akakubali iliyosimama na kuandika kitabu kizima cha mashaka juu ya isiyosimama. Tumfanyie Burkitt vivyo hivyo: tuchukue lililo sahihi na tuone pia alipokosea, kwa sababu alipokosea ndipo penye somo kubwa.

Mtoto wa mchora ramani

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, na alipenda sana ndege. Katika bustani yake aliwafunga alama miguuni ndege wadogo wa kifua chekundu ili amjue kila mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege ana eneo gani na mpaka wake uko wapi. Wataalamu wa ndege walikuja kuiheshimu kazi hiyo ya mtu ambaye hakuwa mtaalamu wa ndege. Kwa hiyo Denis alikulia katika nyumba ambamo swali la wapi lilijibiwa kwa kwenda kuangalia na kuchora.

Akiwa na miaka 11 alipata ajali, akapoteza jicho moja. Alianza chuo mjini Dublin akisomea uhandisi kama baba yake, akabadili na kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1935. Baadaye akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi katika makoloni ya Uingereza Afrika Magharibi, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ilimleta Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi, na baada ya vita, mwaka 1946, alipata kazi Uganda. Alipelekwa Lira, kaskazini.

Huko Lira aliona wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwenye foleni ndefu humpasua mgonjwa na kumwita anayefuata. Burkitt naye aliwapasua, lakini aliandika pia kila mmoja ametoka wapi. Alipopanga maandishi yake, aliona kwamba wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi wagonjwa walikuwa wachache mno. Baadaye tofauti hiyo ilihusishwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Wakati ule hakuwa na jibu hilo, ila tabia ilikuwa imekwisha kuota: mgonjwa ana jina, ana umri, na ana mahali anapotoka.

Mtoto wa Mulago na mtoto wa Jinja

Mwaka 1957 Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Siku moja daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita akamtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya la juu na la chini. Uvimbe wa saratani kwa kawaida huanza mahali pamoja. Huu ulikuwa mahali panne kwa mara moja. Burkitt alipiga picha, akaandika, hakuelewa.

Majuma machache baadaye alikwenda hospitali ya Jinja. Akiwa huko alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso umevimba vile vile. Alipompima akakuta uvimbe tumboni pia. Jambo likitokea mara moja laweza kuwa la ajabu tu. Likitokea mara mbili, kwa watoto wasiojuana, linadai maelezo.

Burkitt alirudi Mulago akaenda kwenye makabrasha. Hapa tuwataje waliomtangulia, maana asingefika popote bila wao. Jack Davies, mtaalamu wa kuchunguza nyama za wagonjwa kwa darubini, alikuwa ameanzisha daftari la kuandikisha wagonjwa wa saratani wa Kampala tangu miaka ya mwanzo ya 1950. Katika hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, kulikuwa na kumbukumbu za zamani zenye michoro ya watoto waliovimba mataya namna hiyo hiyo. Ugonjwa haukuwa mpya. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka kumbukumbu hizo pamoja na kuziuliza swali.

Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38. Aliuita ugonjwa huo saratani ya mataya, akidhani unaanzia kwenye mfupa na nyama zake. Hapo alikosea. Wataalamu wa darubini, akiwemo Greg O'Conor, walionyesha kwamba ni saratani ya chembe za damu za kinga, ile inayoitwa limfoma, na kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo ni ugonjwa mmoja. Burkitt hakung'ang'ania jina lake. Alipokea na kuendelea.

Swali la mpaka

Kisha akaja mgeni kutoka Afrika Kusini, George Oettlé, mtaalamu wa saratani. Alipoonyeshwa watoto wale alisema kwamba kwao ugonjwa huo haupo. Maneno hayo machache yalibadili kazi yote. Ikiwa Uganda upo na Afrika Kusini haupo, basi mahali fulani njiani unaishia. Wapi? Na kwa nini pale?

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba swali hili halikuhitaji maabara. Serikali ilimpa pauni 25 za kuanzia. Alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa na kuvituma katika hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza kama waliwahi kuwaona watoto wa namna hiyo. Majibu yalipokuja, alichoma pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Polepole ulijitokeza mkanda mpana unaokatiza Afrika, kaskazini na kusini mwa ikweta, pamoja na mkia unaoteremka kufuata pwani ya Msumbiji.

Lakini barua haitoshi. Anayejibu anaweza kuwa mgeni kazini, au hakuitazama picha vizuri. Wanafunzi wa hadithi wanalijua jambo hili. Jabir bin Abdillah (r.a.) alisafiri mwendo wa mwezi mzima hadi Sham kwa ajili ya hadithi moja aliyokuwa nayo Abdallah bin Unays (r.a.), ili aisikie kwa mdomo wa aliyeisikia. Burkitt naye aliona lazima aende.

Mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala na wenzake wawili. Ted Williams alikuwa daktari wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, na alijua kutengeneza magari. Wa pili alikuwa Cliff Nelson, daktari pia. Gari lao lilikuwa Ford la mwaka 1954 lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki 10 walipita Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Msumbiji na Rhodesia, wakafika Afrika Kusini na kurudi. Walikwenda yapata kilomita 16,000 na kuingia katika hospitali zaidi ya 50. Kila mahali walionyesha picha zile zile na kuuliza swali lile lile. Jibu la hapana waliliandika kwa uangalifu sawa na jibu la ndiyo, kwa sababu mpaka hauchorwi kwa ndiyo peke yake.

Mlima, baridi, na mbu

Waliporudi, mpaka ulionekana wazi. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana juu ya mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kigezi, kwa majirani zetu, ilikuwa nje ya mkanda, na vivyo hivyo nyanda za juu za Rwanda na Burundi. Mbarara yetu, iliyo kwenye mita 1,400 na kitu, iko karibu na ukingo wenyewe. Dhana ya kwanza ya Burkitt ilikuwa kwamba kimo cha nchi ndicho kinachozuia ugonjwa.

Dhana hiyo ilikuwa na tatizo. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka ulishuka. Kusini mwa Msumbiji ulikuwa kwenye mita mia chache tu juu ya usawa wa bahari. Kama kimo chenyewe ndicho sababu, kwa nini mita 1,000 ziwe na ugonjwa Uganda na zisiwe nao kusini?

Aliyelifungua fundo ni Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, mtu aliyewachunguza mbu wa Uganda kwa miaka mingi. Aliitazama ramani akaona kwamba mpaka wa kimo kwa hakika ni mpaka wa joto. Ugonjwa ulikosekana mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi. Ukienda mbali na ikweta, baridi inakufuata hadi chini ya milima, na ndiyo maana mstari ulishuka. Baadaye likaongezwa sharti la pili: mvua. Sehemu zenye joto lakini zenye mvua chini ya sentimita 50 kwa mwaka nazo zilikosa ugonjwa. Joto na mvua pamoja ni maskani ya mbu. Kwa hiyo dhana mpya ikawa hii: kuna kirusi kinachosababisha saratani hii, na mbu ndiye anayekisambaza.

Wakati huo huo kazi nyingine ilikuwa ikiendelea London. Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya ile safari ndefu, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Waliafikiana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu Epstein hakupata kitu. Kisha ndege moja iliyobeba kipande iligeuzwa njia kwa sababu ya ukungu, kipande kikachelewa, na maji yake yalifika yakiwa na ukungu kama yaliyooza. Angeweza kuyamwaga. Aliyaangalia kwanza, akakuta kwamba ule ukungu ni chembe hai za uvimbe zinazoelea. Chembe za namna hiyo ndizo zilizooteshwa maabara, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Hapo mtu angedhani hadithi imekwisha na Burkitt ameshinda. Lakini kirusi kilipotafutwa kwingine, kilipatikana kila mahali: Ulaya, Marekani, Asia, milimani na mabondeni. Watu wazima wengi mno duniani wanacho, na kinaenea kwa mate. Hakina haja ya mbu. Dhana ya pili nayo ikaanguka.

Ramani, hata hivyo, haikuanguka. Joto, mvua na mbu vilikuwa pale pale vikidai maelezo mengine. Maelezo yaliyokuja kusimama ni haya: kirusi humwingia mtoto kwa mate akiwa mdogo, na malaria inayomrudia mara kwa mara hudhoofisha kinga yake na kuzichokoza chembe zilizobeba kirusi, hata moja ikaasi na kuwa saratani. Mbu alikuwa na hatia, lakini kwa kosa jingine. Zanzibar ilisaidia kuonyesha hivyo. Visiwa vile vina joto na mvua, na kwa hesabu ya ramani vingekuwa ndani ya mkanda. Ugonjwa ulikuwa nadra huko, na kule malaria ilikuwa imepigwa vita kwa nguvu. Katika miaka ya 1970 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, wakasubiri na kufuatilia nani ataugua. Hapo kirusi kilithibitika kuwapo na kuwa na nguvu kabla ya saratani, wala si baada yake.

Kabila halikuwa sababu

Kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo inawahusu watu wa Nakivale kwa karibu. Zama zile za ukoloni, ugonjwa unaopatikana kwa watu fulani na kukosekana kwa wengine ulielezwa haraka kwa kabila au rangi. Burkitt na mwenzake Dennis Wright waliichunguza hoja hiyo nchini Uganda, wakachapisha matokeo mwaka 1966. Waliwaangalia watu waliohama kutoka nyanda za juu zisizo na ugonjwa, wakiwemo waliotoka Rwanda na Burundi, wakaja kuishi katika nchi za joto. Wahamiaji wale waliugua. Tena waliugua wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji, ambao kwa kawaida waliugua utotoni, dalili kwamba jambo lililowapata lilikuwa geni kwao. Damu ya kabila haikuwa imewakinga huko walikotoka. Baridi ya milima yao ndiyo iliyowakinga.

Tunaoishi na watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia katika eneo moja tunajua jinsi lawama ya kabila inavyokuwa nyepesi mdomoni. Kipindupindu kikitokea, watu fulani wameleta. Wizi ukitokea, watu fulani wamezoea. Suratul Hujuraat inatuamuru kuihakiki habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Burkitt na Wright wanatuonyesha namna moja ya kuhakiki: mfuate anayelaumiwa hadi mahali pengine, uone kama lawama inamfuata au inabaki kwenye mahali.

Mwisho wa safari

Burkitt hakuishia kwenye ramani. Uganda ya wakati ule haikuwa na mashine za mionzi, na upasuaji haukufaa uvimbe ulioenea. Alijaribu dawa mpya za saratani, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache, uvimbe ukiyeyuka mbele ya macho ya wazazi wao. Kutokana na kazi ya namna hiyo, mwaka 1967 kulianzishwa Mulago kituo ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Yeye mwenyewe alirudi Uingereza katikati ya miaka ya 1960, na miaka yake ya mwisho aliitumia kuuliza kwa nini magonjwa fulani ya tumbo yapo Ulaya na ni nadra vijijini Afrika. Akahimiza watu kula vyakula vyenye makapi. Baadhi ya aliyoyasema yamesimama, mengine yangali yanajadiliwa. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82. Ugonjwa wa watoto wale unaitwa limfoma ya Burkitt hadi leo. Majina ya watoto na ya mama zao waliokubali wapimwe hayakuandikwa katika vitabu, na Mwenyezi Mungu anawajua.

Tuwafundishe nini wadogo zetu

Ukipata darasa la watoto Nakivale au Nyamitanga, usianze na orodha. Wape karatasi, wachore ramani ya mtaa wao, kisha wape swali moja: mbu wanasumbua wapi zaidi, au maharage yanaota haraka wapi. Watie alama panapo jambo. Halafu waambie watie alama pale lisipo, na wasikubali hapana ya kusikia. Wakitoa sababu, waulize: kama sababu yako ni kweli, twende wapi tukaone kitu gani? Wakienda na wasikione, wafundishe kufuta sababu na kubakisha ramani. Mtoto anayejifunza kufuta bila kuona aibu ameshapata njia ya kisayansi.

Na tusidhani hili ni zoezi la darasani tu. Limfoma ya Burkitt bado inawapata watoto wa Uganda na wa Kongo. Uvimbe wake waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Unatibika vizuri ukiwahiwa, lakini watoto wengi hufikishwa hospitali wamechelewa, baada ya kung'olewa meno yaliyolegea, au baada ya wiki za kutafuta nani amemroga. Mzazi anayeuliza ushahidi uko wapi humpeleka mtoto hospitali mapema. Mzazi huyo leo ni mwanafunzi, na pengine mwalimu wake ni wewe.

Tunamwomba Allah atupe elimu yenye manufaa, na ujasiri wa kurudi nyuma haki inapotubainikia.

Wabillahi tawfiiq.